Hema Nane za Mama Sammy

Karatasi tatu zilitua juu ya kibodi yangu, na juu ya karatasi ukatua mkono wa Mama Sammy, wenye kovu refu la kamba kuanzia kidole gumba hadi kifundoni. Saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, ilikuwa imejaa. Ilikuwa Juni, mwezi ambao Rodi Kopany nzima hukumbuka kwamba ina PIN ya kodi.

"Dolphine," akasema, bila hata kunisalimu. "Soma hapo unieleze. Mimi ni sufuri?"

Nilidhani anatania. Mama Sammy ni mtu wa utani. Akiingia dukani, hata aliyekuja kuzozana husahau alichokuja kuzozania. Lakini siku hiyo hakuwa na chembe ya mzaha usoni. Nikazitazama zile karatasi. Yalikuwa marejesho yake ya kodi ya miaka mitatu, niliyoyajaza mwenyewe kwenye kompyuta ile ile aliyokuwa ameiegemea. Mapato ya biashara, sufuri. Mapato mengine, sufuri. Chini kabisa, jumla, kana kwamba kulikuwa na cha kujumlisha, sufuri.

Niseme ukweli wa kazi yangu ya wakati ule, maana sasa naweza kuusema bila kuinamisha kichwa. Mlangoni nilikuwa nimebandika kibao: NIL RETURNS 100/=, yaani marejesho ya sufuri kwa shilingi mia. Mtu alikuja na kitambulisho na PIN aliyoitafuta siku ya kufungua akaunti ya benki, mimi nikabonyeza mara nne tano, printa ikakohoa, akanipa mia, akaenda zake. Sikumuuliza anafanya kazi gani. Mwenye duka, sufuri. Mwenye bodaboda tatu, sufuri. Mzee aliyekuwa akishusha ng'ombe sokoni kutoka Isebania, sufuri. Ilikuwa kama kuchoma mahindi kando ya barabara: unageuza, unatoa, unaita mwingine. Na watu waliondoka wakicheka, kwa sababu huku kwetu mtu akisikia neno kodi huona mlango wake ukivunjwa. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Mama Sammy ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Asubuhi ile alikuwa ametoka Homa Bay mjini. Chuo kimoja cha ufundi kule kilikuwa kimetangaza zabuni ya siku ya mahafali: hema nane, viti mia sita, marejesho ya kodi ya miaka mitatu, na mkataba wa miaka miwili kwa atakayeshinda. Mama Sammy alikuwa na hema nane. Viti alikuwa navyo mia sita na ishirini. Aliniambia baadaye kwamba alipolisoma lile tangazo aligeuka nyuma, akidhani kuna mtu amemchungulia ghalani. Akakusanya makaratasi yake, akavaa ile nguo yake ya kanisani, akaenda. Afisa wa ununuzi, binti mmoja mpole anayeitwa Terry, akazisoma karatasi, akazirudia, kisha akamuuliza kwa adabu zote: "Mama, hapa unasema hujawahi kufanya biashara. Sasa hizi hema ni za nani?"

"Nikazikusanya karatasi nikatoka," Mama Sammy akasema. "Dolphine, mimi mwenye hema nane nikatoka kama mwizi. Miaka kumi na moja nabeba hema. Mume akafa nikaendelea kubeba. Watoto wanne wamesoma kwa hema. Na wewe, nyathina, kila mwaka unaiambia serikali kwamba mimi hukaa tu."

Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. Mimi ni Mkisii, lakini nimezaliwa hapa hapa Rodi, na mama huyo ameniita hivyo tangu ning'oke meno ya utoto. Angenitukana ingeniuma kidogo kuliko hilo neno.

Nikamwambia jambo hilo lingeweza kurekebishwa, marejesho ya nyuma yanaruhusiwa kusahihishwa. Lakini nikamwonya. "Ukisema ukweli, Mama Sammy, utalipa. Miaka mitatu, na faini zake. Sijui itakuwa ngapi."

"Zabuni inafungwa Ijumaa saa sita mchana," akasema. "Terry amesema nikileta karatasi za kweli kabla ya hapo, atazipokea. Nina elfu arobaini. Ni karo ya Helen."

Helen ni kitinda mimba wake, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Foleni yote ikageuka kumtazama, maana kila mtu pale alimjua Helen. Ndipo Jeff, wa duka la simu, akaropoka kutoka kwenye foleni. "Mathe, wacha hiyo stori. Unataka kupelekea wale watu jasho lako wakakule?"

Watu wakacheka. Mama Sammy akamgeukia polepole.

"Wakila, wale wakijua wamekula cha nani," akasema. "Sasa hivi nikienda hospitali nikakosa dawa, nitawauliza kama nani? Kama sufuri?"

Jeff akaanza kuipangusa simu yake kwa pindo la shati. Ilikuwa Jumanne, kama saa tisa.

Nilifunga saiba mapema alasiri ile, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka minane kabla: nikaisoma sheria. Si yote. Nilisoma ile inayomhusu mtu kama Mama Sammy, polepole, kidole kikiwa juu ya skrini, na kadiri nilivyosoma ndivyo masikio yalivyozidi kunichoma. Kumbe mtu hatozwi kwa kila shilingi inayoingia. Mafuta ya gari, vijana wa kufunga hema, turubai jipya, uzi, vyote hivyo hutolewa kwanza. Kinachobaki nacho kina nafuu yake, kiasi kwamba aliyebakiwa na kidogo halipi kitu. Na mwaka ule kulikuwa na msamaha: ukilipa kodi yenyewe ya miaka ya nyuma kabla Juni haijaisha, faini na riba zinafutwa. Nilikuwa nimewauzia watu sufuri kwa mia mia, na wengi wao wangesema ukweli wasingetozwa hata senti.

Jumatano asubuhi tukaketi. Nilikuwa nimechapisha taarifa zake za M-Pesa, kurasa tisini na kitu. Nikaanza kumsomea majina. "Elfu nane, kutoka kwa Bichage." Akakunja uso. "Bichage gani?" Sikujua. "Elfu tano, Roselyn." Hakumjua. Pesa za matanga na harusi hutumwa na mtu yeyote aliye na salio siku hiyo: shemeji aliye Nairobi, mweka hazina wa kamati, binamu wa bwana harusi. Baada ya saa nzima tulikuwa tumetambua watu kumi na mmoja. Niliona jasho likimtoka puani.

"Mimi siwezi kukumbuka hapa kwa mashine," akasema akisimama. "Twende kwa hema."

Ghala lake liko nyuma ya nyumba, njia ya kwenda Ndhiwa. Alizitoa hema moja moja, akazitandaza juu ya nyasi na juu ya ua wa michongoma, mpaka boma likawa jeupe lote. Kisha akaanza kutembea juu yake bila viatu, akishika mshono huu na kiraka kile, na mwanamke ambaye hakuweza kukumbuka Bichage ni nani akaanza kunisomea miaka mitatu ya maisha ya watu kama anayesoma gazeti.

"Hili tundu la moto ni Rangwe, harusi ya mwalimu, Agosti. Mpishi aliingiza jiko ndani kwa sababu ya mvua. Bwana harusi alipanda juu ya meza akazima moto na soda. Elfu kumi na nne. Walinipa kumi, nyingine wakaleta mbuzi."

Nikatafuta kwenye taarifa. Elfu kumi, Agosti, kutoka kwa Roselyn. Roselyn alikuwa dada wa bwana harusi. Nilikaribia kupiga vigelegele.

"Mbuzi anaandikwa wapi?" akauliza.

"Anaandikwa kwa bei yake ya sokoni."

"Alikuwa na mimba."

"Sheria haijafika huko, Mama Sammy."

"Ina bahati," akasema, akaenda kwenye hema nyingine. Hiyo ilikuwa imeraruka kutoka ukingo hadi katikati na kushonwa kwa uzi wa bluu. Ilikuwa imepaa huko Awendo, katikati ya mahubiri, na mhubiri alikuwa amefika hasa pale Eliya anapochukuliwa na upepo. Waombolezaji wawili waliokoka papo hapo. Familia ililipa yote na ikaongeza elfu moja ya uzi. Ya tatu ilikuwa na doa la kachumbari lenye umbo la mguu, kumbukumbu ya sherehe ya kijana aliyerudi na shahada yake Rongo, na babake alicheza mpaka akakalia sinia. Niliandika huku nacheka hadi kalamu ikaniponyoka. Kila aliponitajia shughuli, pesa yake ilikuwa pale kwenye karatasi ikingoja jina. Risiti za mafuta ya pikapu alikuwa nazo katika mkebe mtupu wa Kimbo, ule wa mafuta ya kupikia, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, kila mwaka na rangi yake ya kibanio. Mwanamke aliyejaziwa sufuri miaka minane.

Alhamisi tuliamkia huko huko. Kufikia saa nne tulibakiwa na hema moja, ndogo, ambayo aliipita mara mbili bila kuigusa.

"Na hii?"

"Hiyo iko sawa."

Nikainama kuitazama, nikidhani ana haya ya kiraka kibaya. Haikuwa na kiraka. Ilikuwa na udongo kwenye pindo, udongo mwekundu uliokauka ndani ya nyuzi. Ardhi ya Rodi ni nyeusi, inanasa kiatu na kukipasua. Udongo mwekundu namna ile nimeuona mahali pamoja tu.

"Mama Sammy. Huu ni udongo wa kwetu Kisii."

"Nimeifua mara mbili," akasema. "Hautoki."

Babangu, Onyancha, alikuwa fundi wa viatu hapo stejini, kwenye kituo cha magari, kwa miaka thelathini. Alifariki Machi ya mwaka 2023, na sisi Wakisii hatuzikwi ugenini hata ugenini pakiwa ndipo tulipoishi maisha yote, kwa hiyo tulimpeleka Nyamarambe. Mvua ilinyesha siku nzima. Nakumbuka watu wakiwa wakavu chini ya hema, na nakumbuka nikifikiri kwamba angalau hilo lilikwenda sawa. Baba mdogo Okari alisoma hesabu ya gharama mbele ya ukoo. Neno hema lilitajwa. Sikusikia zaidi, nilikuwa nalia, nami nikaishi tangu siku hiyo nikijua kwamba tulilipa kama watu wengine.

"Okari alikupa ngapi?"

Akaikunja ile hema mara moja, akaikunja tena. "Aliniletea. Nikamrudishia, nikamwambia asikusumbue nayo."

"Hema na viti, mpaka Nyamarambe? Kwa nini?"

"Dolphine, mtu amekaa na sisi miaka thelathini. Nimtoze siku anayoondoka?"

Nilikaa juu ya viti vilivyopangwa nikalia, naye akaniacha nilie, akaendelea kukunja. Nililia kwa ajili ya baba, na nililia pia kwa aibu, kwa sababu baada ya siku ile nilikuwa nimembonyezea mwanamke huyu sufuri mara tatu, nikachukua mia yake mara tatu.

Nilipotulia nilitaka nimfaidishe kwa njia yoyote. Nikashika kalamu. "Basi tuandike mafuta yake. Rodi hadi Nyamarambe na kurudi, na vijana wanne wa kufunga. Ni kama elfu sita. Tukiyatoa kama gharama, kodi itapungua."

Alinitazama kama nimemtemea mate mbele ya wageni.

"Hiyo usiweke."

"Lakini ulizitumia, Mama Sammy. Ni pesa yako."

"Nilizitumia. Lakini sikwenda kazini. Nilikuja matanga."

Nikaweka kalamu chini. Siku mbili kabla nilikuwa nimesoma kwamba gharama inayotolewa ni ile tu iliyotumika kutafuta mapato, si nyingine. Sheria ilikuwa imelisema jambo hilo hilo kwa maneno mengi zaidi. Katika miaka ile mitatu alikuwa na matanga tisa ya namna hiyo, na hakuniruhusu kuandika hata lita moja ya mafuta.

Mchana tulirudi saiba. Foleni ilikuwa hadi nje, nikawaambia wote wangoje, na hakuna aliyeondoka, maana habari ilikuwa imeshatembea. Hata Jeff alikuwa amefunga duka lake akaja kusimama mlangoni. Nikaingiza mwaka wa kwanza. Baada ya kutoa gharama, Mama Sammy alibakiwa na faida ya laki mbili na elfu kumi na mbili. Nikabonyeza. Kodi ya kulipa: hakuna.

"Hawataki kitu?" akauliza, na nilisikia kama ameumia kidogo.

"Sheria inasema aliyepata kiasi hiki aachwe."

"Lakini wameona nimefanya kazi?"

"Wameona. Iko hapo."

Mwaka wa mwisho ukawa vile vile. Ukabaki ule wa katikati, 2023, mwaka wa harusi nyingi, ambao nilikuwa nimeuogopa tangu Jumanne. Laki tatu na elfu arobaini na moja. Nilimwona akishika mkoba wake kwa mikono miwili, ule wenye karo ya Helen.

"Elfu kumi na tatu," nikasoma. "Mia mbili na hamsini."

"Na faini?"

"Imesamehewa, ukilipa kabla mwezi haujaisha."

"Kwa hiyo ni elfu kumi na tatu."

"Na mia mbili hamsini."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika, mpaka foleni yote ikaanza kucheka bila kujua inacheka nini.

"Miaka kumi na moja," akasema akijifuta macho kwa leso. "Miaka kumi na moja, watu wangu, nimejificha kwa ajili ya elfu kumi na tatu."

Akalipa kwa simu, akisoma kila tarakimu kwa sauti, na watu wakimwitikia kama kanisani. Ujumbe ulipoingia akataka stakabadhi ichapishwe kwa rangi. Nikamwambia ya rangi ni hamsini. Akaniuliza kama nimemsikia akiuliza bei. Jeff alisogea kwenye kaunta na kuniuliza, chini kwa chini, kama kazi ya simu nayo ina gharama zinazotolewa. Nikamwambia akae kwenye foleni.

Ijumaa Mama Sammy alifika Homa Bay saa tatu asubuhi, saa tatu nzima kabla zabuni haijafungwa. Terry alizisoma karatasi zote, akaziweka kwenye bahasha, akapiga muhuri. Wiki tatu baadaye nilikuwa nakula githeri niliposikia honi ya pikapu ikilia bila kukoma kutoka upande wa Ndhiwa, na kabla haijasimama nilishajua kwamba ameshinda.

Siku ya mahafali nilifunga saiba nikaenda. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, lakini kamba alikuwa amezifunga mwenyewe na hakuna hema iliyothubutu kutikisika. Hema zote nane zilisimama, nyeupe, na ndani yake watu mia sita katika mavazi yao ya sherehe, akina mama wakiimba majina ya watoto wao kabla hayajasomwa. Mama Sammy alikaa safu ya mwisho kabisa, kiti cha pembeni, mikono magotini. Nilipoketi karibu naye hakunitazama. Alikuwa anahesabu vigingi kwa macho.

Watu walipoanza kupiga picha, akatoa pesa mkobani akaniwekea kiganjani. Elfu tatu.

"Ni za nini?"

"Siku tatu umenifanyia kazi."

Nikazirudisha. "Hapana, mama. Siwezi. Baada ya yale uliyomfanyia baba?"

Akanishika mkono, akaufunga juu ya zile noti, na akaubana. "Dolphine, ile ilikuwa matanga. Hii ni kazi. Usinichanganyie." Kisha akanyoosha kiganja chake kitupu. "Risiti."

Sikuwa nayo. Si siku hiyo tu: sikuwa na kitabu cha risiti, sikuwahi kuwa nacho. Akanitazama sana, kwa yale macho yanayoona doa kwenye turubai hata likiwa limekunjwa.

"Na karatasi yako wewe ya kodi," akauliza, "inasema nini kila mwaka?"

Nilitazama nyasi. Ilisema kile kile nilichowaandikia wote. Miaka minane ya kufungua saiba saa mbili asubuhi, kujisomesha diploma, kulipia dawa za baba hadi mwisho, na kila Juni, foleni ikishaisha, nilikuwa najibonyezea na mimi, mara nne tano, bure.

Hakunisuta. Alisema tu kwamba Juni itarudi, akaenda kuwakemea vijana waliokuwa wanang'oa vigingi kabla wageni hawajaondoka.

Jumatatu nikakibandua kile kibao cha mlangoni. Nikanunua kitabu cha risiti, nikaandika ukurasa wa kwanza kwa jina lake kamili, Damaris Akoth Omanga, na chini yake kazi niliyoifanya, na chini yake elfu tatu, nikampelekea mpaka ghalani. Alikuwa amepiga magoti juu ya hema akishona. Akachomeka sindano kwenye turubai, akafuta mikono, akaisoma ile risiti mstari kwa mstari, kisha akanirudishia akaniambia sijaweka tarehe. Nikaweka tarehe.